Pale Yumna Alipovua Viatu

Jumatano, 19 Februari

Daftari hili nimeletewa na Caroline. Mumewe, Ngowa, ni dereva wa lori Kilindini, na kila mwaka kampuni ya kutoa mizigo bandarini humgawia kitabu cha tarehe ambacho hana la kuandika ndani yake. Chini ya kila ukurasa pamepigwa chapa: Mzigo wako ni amana yetu. Nitaambiwa hivyo kila siku mpaka Disemba.

"Andika," Caroline kaniambia. "Wewe huona mambo, halafu wanisimulia mimi nikiwa na njaa."

Basi naandika. Mimi Mejumaa, mtu wa Kwale, nimepanga chumba orofa ya juu kwa mzee Kamaludin, fundi wa feni, hapa Mji wa Kale. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Caroline hushika kamera, mimi hukata na kuunga. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nikichapa barua za watu kwenye saiba. Mashine ikiwa haina mteja naichokonoa, mpaka nikaanza kuielewa kuliko mwenyewe.

Siku ya kupamba, biarusi anapotembezwa mbele ya wanawake wenzake, wote huwa vichwa wazi, mabega nje, wamemeta. Simu zote hukusanywa mlangoni na shangazi asiyecheka. Kamera ni moja tu, ya Caroline, na mhariri ni mmoja, lazima awe mwanamke, na lazima awe na kifua cha kuweka siri. Hicho ndicho ninachouza. Kompyuta kila mtu anayo.

Jumapili ilikuwa zamu ya Yumna, binti wa pekee wa Bi Mwanatumu, aliyeolewa na Hussam. Alitoka mlangoni na gauni la dhahabu, mamake ubavuni kwa mahameli nyeusi. Biarusi wa hapa hutakiwa ainamishe macho, atembee polepole, asicheke, maana kucheka ni kama kusema amechoka kwao. Katikati ya zulia kisigino kikanasa. Yumna akasimama. Akamshika mamake bega, akainama, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, halafu akacheka. Sisemi tabasamu. Meno yote, kichwa nyuma. Mamake naye akacheka kabla hajakumbuka aliko. Kisha biarusi akaenda pekupeku mpaka jukwaani, viatu mkononi kama mtu anayevuka dimbwi.

Bi Swabaha, mamake Hussam, alikuwa safu ya mbele. Sijawahi kuona mtu akikunja uso uliopakwa rangi nyingi kiasi kile. Nilidhani utamwagika kama chokaa.

Leo Bi Mwanatumu kapanda ngazi zangu. "Mejumaa mwanangu, pale pa viatu pafiche."

"Nikipaondoa tu, picha itaruka. Atakuwa mlangoni, mara yuko jukwaani."

"Bi Swabaha ameshanena. Sitaki mwanangu aanze nyumba yake na maneno ya watu. Wewe ndiwe fundi. Fanya isiruke."

Ijumaa, 21 Februari

Nimepata dawa. Nitautumia mkia.

Mkia ni hivi. Klipu moja waitoa nakala nane. Kila nakala waichelewesha kidogo nyuma ya mwenzake, na kila moja waififisha zaidi ya ile iliyotangulia. Zikirundikwa pamoja, mtu akitembea huacha nyuma yake wenziwe wanane wanaofifia, kila mmoja pale alipokuwa punde hivi. Kamera sharti iwe imetulia. Ikitikisika, hata ukuta huota mkia. Bahati njema Caroline alikuwa ameisimamisha kwenye miguu yake mitatu. Mwisho waiamrisha programu: nakala zikigombana, kinachong'aa kishinde.

Gauni la dhahabu limeburura mkia wa dhahabu kutoka mlangoni hadi jukwaani. Pale pa viatu, sekunde arubaini na saba, nimepaondoa pote, nikaziunga ncha mbili chini ya mkia. Mshono hauonekani. Nimeutafuta mwenyewe nikaukosa.

Kasoro ni moja. Kinachong'aa kikishinda, cheusi huliwa. Mahameli ya Bi Mwanatumu imeliwa na taa na maua yaliyo nyuma yake. Kwanza aonekana nusu, halafu mkono, halafu hata mkono haupo, na biarusi yuwaelea peke yake.

Nimetazama mara tano. Nimeona hivyo ndivyo inavyopendeza zaidi.

Jumatatu, 24 Februari

Kompyuta inapika video, yaani yaziunga nakala zote ziwe kitu kimoja. Stima imepotea ikiwa imefika asilimia tisini na moja. Imeanza upya. Na mimi vilevile.

Jumatano, 26 Februari

Leo kukabidhi. Bi Mwanatumu katazama yote, saa mbili na dakika kumi. Alipofika penye mkia akaziba mdomo kwa leso. "Kama malaika," kasema. Hakuuliza yeye yuko wapi. Siku ile macho yake yote yalikuwa kwa mwanawe.

Kisha tukafuta. Kufuta kuna adabu yake katika mji huu. Mama wa biarusi huketi kiti cha karibu na mashine, avae miwani, aone kwa macho yake. Kwanza hufutwa kadi ya kamera. Kisha folda. Kisha pipa la taka la kompyuta humwagwa, na huwa hawaridhiki mpaka wasikie ule mlio wa karatasi kuchanwa. Caroline kaapa kwa Biblia yake ya mkobani. Mimi nikaapa mara tatu, wallahi, wabillahi, watallahi, sikubakisha kitu. Bi Mwanatumu kaniachia kichupa cha mafuta ya udi, akashuka ngazi na flashi yake kifuani.

Sasa niandike ambalo Caroline halijui. Juu ya kabati langu pana kopo la biskuti. Ndani ya kopo mna nyuzi na sindano, na chini ya nyuzi mna diski nyeusi. Biarusi arubaini na mmoja wamo humo, Yumna ndiye wa mwisho, kila mmoja kama kamera ilivyomwona. Nilianza na mmoja, miaka sita nyuma, kwa sababu mamake alirudi kulalamika na sikuwa na la kurekebishia. Kisha nikawa najifunzia. Asiye na mwalimu atajifunzia wapi? Mkia wa Yumna niliujaribu kwanza kwa biarusi wawili wa mwaka juzi ambao mama zao wanaamini hawapo tena.

Sijamwonyesha mtu. Haijatoka hata picha moja. Hujiambia hivyo mara kwa mara, kana kwamba kuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Saumu. Ramadhani haina harusi. Nalala mchana kama paka wa Marikiti.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Dari limetia tone moja karibu na kabati. Nimeweka bakuli. Mzee Kamaludin kasema atapanda atazame. Alisema hivyo mwaka juzi pia, na bakuli ni lilelile.

Jumanne, 1 Aprili

Idd pili. Nimesikia hodi, nikadhani ni wa kuomba sadaka, kumbe ni Yumna na sahani ya kaimati iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa anahema kwa ngazi.

"Dada Mejumaa, ngazi hizi wamejengea mbuzi?"

"Wamejengea watu wembamba. Karibu. Ndoa imekunawirisha."

"Ndoa ama kaimati?" Kaketi kwenye kiti kile cha mama zao, kile cha kufutia. Kaitazama mashine. "Nimeiona video. Wallahi umenifanya si mtu wa dunia hii. Lakini pale nilipovua viatu pako wapi?"

"Mama yako hakupataka."

"Najua. Mama yuwaogopa maneno. Mimi pale ndipo nilipopataka." Akacheka, na chumba kikawa kidogo. "Siku nzima wamenikanda, wamenipaka, wamenifukiza, wamenifunza kutazama chini. Pale tu ndipo nilipokuwa mimi. Huna hata kipande? Niwekee kwenye simu, nitaficha. Hata Hussam sitamwonyesha."

Kopo lilikuwa juu ya kabati, hatua nne kutoka kwake. Nikasema, "Tumefuta zote, Yumna. Niliapa mbele ya mamako."

"Wee Mejumaa, na uaminifu wako!" Akainuka, akakung'uta unga wa sukari kwenye buibui. "Haya basi. Nitacheka tena siku nyingine, utanirekodi."

Nimekula kaimati zote. Chini ya ukurasa huu pana yaleyale ya mzigo na amana. Leo nimeweka kikombe juu yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mabakuli mawili.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua siku ya tano. Njia yetu imekuwa mfereji, tuktuk zinapita zikikohoa. Caroline kaja na khabari kutoka sokoni kwamba Yumna ana mimba changa, ila Bi Mwanatumu hataki itajwe. Katika mji huu jambo lisilotakiwa kutajwa hujulikana kwa mpangilio: kwanza muuza samaki, halafu sisi, halafu mume.

Harusi tatu za baada ya Idd Kuu zimeshatuwekea siku. Mama mmoja, ambaye binti yake mkubwa tulimrekodi sisi, kaniambia, "Tumekuja kwako kwa sababu kwako hakuvuji." Nikatazama bakuli, nikaandika tarehe yake.

Jumatano, 7 Mei

Yumna amekufa.

Naandika hivyo niione. Mimba ilitungia nje ya mahali pake. Hakujua, hakuna aliyejua. Jana baada ya adhuhuri tumbo lilimshika akiwa jikoni kwa mkwewe. Walipompeleka hospitali damu ilikuwa imeshamwagika ndani. Asubuhi ya leo msikiti umetangaza jina lake, jina la babake, na saa ya kuzikwa, na mimi nilikuwa naanika nguo chini ya dari kwa sababu ya mvua. Nikabaki na kibanio mdomoni.

Nimekwenda. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai lililojaa maji, wanalisukuma kwa mti ili lisiwaangukie. Wanawake ndani, orofa ya chini, mikeka. Walikuwa wameshamwosha. Bi Mwanatumu alikuwa ameketi ukutani, macho makavu, anamwambia kila aingiaye, "Mpishe apite, mpishe apite," na hakuna aliyekuwa akimzuia mtu.

Nilimtafuta Bi Swabaha. Nilikuwa na hamu mbaya ya kumwona, nikiri. Nilitaka kuona uso ule ule uliokunjwa pale safu ya mbele. Nilimkuta kwenye ua, hana rangi hata kidogo, mzee kuliko nilivyodhani, amechutama mbele ya karai akiosha vikombe vya watu. Vikombe vilikuwa safi. Alikuwa anaviosha tena. Mtu kamwambia, "Bi Swabaha, inuka, wasichana watafanya." Akajibu, "Alifia mikononi mwangu. Niacheni niwe na kazi."

Tukapita kumuaga mmoja mmoja. Uso tu ndio ulioachwa wazi. Macho chini, mdomo umefumbwa, ametulia, vile vile walivyotaka awe siku ya kupamba.

Jeneza likatoka. Sisi hatuendi makaburini. Tulisikia tahalili ikififia njiani, sauti juu ya sauti, mpaka ikabaki mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Hitma ya siku ya tatu. Nimeosha vikombe pamoja na Bi Swabaha. Alinipa kitambaa kikavu, akabaki na kilicholowa.

Jumanne, 20 Mei

Bi Mwanatumu kapanda ngazi. Amesimama mara mbili njiani, nimemsikia. Aliketi kiti kile.

"Nimeiangalia," kasema. "Nilijizuia siku kumi na mbili. Jana nikaiangalia."

Nikasema pole. Nimeshasema pole nyingi mwezi huu, nahofia zinaanza kufanana.

"Mejumaa, mwanangu yuwatembea peke yake. Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kando yake, mama."

"Sipo. Nimetazama, nimerudisha, nimevaa miwani, nimevua. Mkono wangu ulikuwa chini ya mkono wake, nausikia mpaka leo. Kwenye video hakuna mtu. Na yeye mwenyewe yuko wangapi? Nikimtazama huyu, ameshakuwa yule. Simpati usoni. Kila nikimpata ameingiwa na mwenziwe."

Nikamweleza kuhusu mkia, nakala nane, king'aacho na cheusi. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha ya watu.

"Basi uondoe."

"Ukishapikwa hauondoki."

"Jaribu, mwanangu. Wewe ndiwe fundi." Alipofika mlangoni kageuka. "Na pale alipovua viatu. Mimi ndimi niliyesema ufiche. Lakini labda kimebaki kijipande. Labda mashine husahau kufuta."

Kopo la biskuti. Hatua nne.

Nikasema nitajaribu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimejaribu. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu, nipate kusema nimejaribu. Nimeichukua ile video iliyopikwa, nikaitoa fremu moja moja. Kutoa mkia humo ni kama kutoa tui katika wali. Nimempata Yumna mmoja mwenye macho manne. Nikazima.

Jumatano, 28 Mei

Mabakuli matatu. Bi Mwanatumu katuma mtu kuuliza kama imewezekana. Nimejibu bado.

Jumapili, 1 Juni

Katuma tena. Bado.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi nimeamshwa na mlio mpya. Si tone kwenye bakuli, ni tone kwenye bati. Tundu la dari lilikuwa limehama na sasa linavuja moja kwa moja juu ya kopo la biskuti. Maji yalikuwa yameshaanza kutuama kwenye kifuniko, na mengine yakimwagikia kompyuta mezani. Niliruka. Nilifungua kopo, nikaitoa diski, nikaikausha kwa leso yangu ya kuswalia, nikaipuliza, nikaiweka sikioni, nikaifunga tena kwa leso kavu. Hapo ndipo nilipokumbuka kompyuta, ambayo ndiyo kula yangu.

Kompyuta imepona. Lakini nimejiona nilivyofanya. Mtu hakaushi hivyo kitu alichokusudia kibaki siri mpaka kife.

Mchana nimemwambia Caroline. Nilidhani ataapiza.

"Zote?" akauliza.

"Arubaini na mmoja."

"Mimi niliapa kwa Biblia, Mejumaa. Mara arubaini na moja. Mimi nilikuwa naapa kweli, na wewe ulikuwa umesimama pale unanisikiliza."

"Sikumwonyesha mtu."

"Hao hawakukuomba usizionyeshe. Walikuomba usiwe nazo." Alikuwa anafunga kamera mkobani, kamba ikimkataa. "Nina binti wa dada yangu anaolewa Rabai mwezi wa nane. Nilikuwa nimemwambia, usijali, Mejumaa ndiye atakayeikata. Sasa nimwambie nini?"

"Nikimpa Bi Mwanatumu, mji mzima utajua. Hatutapata harusi tena, mimi wala wewe."

"Na usipompa?"

Nikalikung'uta kopo, maji yakatoka.

"Mpe," kasema. "Nitakuja kusimama mlangoni. Si kwa ajili yako. Yule mama alinifunga kitambaa kichwani siku ile, jasho lilikuwa laniingia machoni nikiwa na kamera. Nakumbuka."

Jumamosi, 7 Juni

Idd Kuu. Sikumtembelea mtu.

Jumapili, 15 Juni

Arubaini ya Yumna. Ukumbi ulijaa, masomo yalikuwa mazuri, mvua ikanyamaza kupisha dua. Baada ya kufunga dua nikamwendea Bi Mwanatumu, nikambusu mkono. "Kesho asubuhi uje kwangu, mama," nikamwambia. "Uje peke yako."

Kaniangalia kwa namna ambayo laiti ningekuwa mtu mwema ningeifurahia.

Jumatatu, 16 Juni

Kaja saa tatu. Caroline alikuwa ameshafika, kasimama mlangoni kama alivyosema, hakunisalimu. Bi Mwanatumu kaketi kiti chake, kavaa miwani.

"Umeweza kuutoa mkia?"

"Sikuutoa, mama. Hii haikuwahi kutiwa mkia." Nikaiweka diski mezani, mbele yake.

Aliitazama. Nilimwona akiitambua pole pole, kama mtu anayetambua kiatu cha mwizi.

"Uliniapia," kasema.

"Niliapa."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Sauti ya feni ya mzee Kamaludin ilikuwa inapanda kutoka chini, ile anayoitengeneza tangu Shaaban. Bi Mwanatumu alivuta pumzi. "Washa," akasema.

Nikawasha. Yumna katoka mlangoni, mmoja tu, ana uso. Mahameli nyeusi ubavuni mwake, mkono chini ya mkono. Hatua sita, saba. Kisigino kikanasa. Kasimama, kashika bega la mamake, kainama. Na hapo, kwa sababu sasa sikuwa nimefunika sauti kwa muziki wa kununua, tukamsikia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusikiliza vizuri.

"Nishike, mama. Nikianguka leo twaanguka sote."

Na Bi Mwanatumu wa kwenye video akasema kwa meno, "Simama vizuri, watu wanatazama."

Ndipo Yumna akacheka. Na mamake akacheka. Viatu mkononi, pekupeku, mpaka jukwaani. Sekunde arubaini na saba.

"Nilimwambia watu wanatazama," Bi Mwanatumu kasema.

Hakulia. Kasema, "Rudisha." Nikarudisha. Kasema tena. Mara ya nne aligusa kioo kwa kidole, pale penye nyayo.

Ningeweza kunyamaza hapo. Caroline alikuwa ananitazama, na nadhani alidhani nimemaliza.

"Kuna jingine," nikasema. "Idd pili Yumna alikuja hapa. Aliketi hapo ulipoketi. Aliniomba kipande hiki. Nikamwambia nimefuta."

"Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Na ilikuwapo."

"Ilikuwa pale juu."

Bi Mwanatumu kainuka. Akajifunga buibui, akashika mtandio, akafika mlangoni. Caroline akampisha. Akasimama hapo muda, ametupa mgongo. Kisha akarudi, akaketi tena.

"Wengine wangapi?"

"Arubaini."

"Wataje."

Nikawataja. Kila jina alilijua. Wengine alikuwa amewashika wakizaliwa. Nikitaja, yeye humtaja mama mtu, kisha husema, "Futa," na mimi hufuta. Wale wawili wa kujifunzia mkia nao wakaenda. Tulianza jua likiwa dirishani, tukamaliza adhana ya adhuhuri ikilia. Katika diski akabaki mmoja.

Nikachukua flashi mpya. Kainua mkono.

"Nyumbani kwangu mna wanaume saba na kila mmoja ana simu. Kichwa chake ki wazi humu. Sitamtia mwanangu katika mfuko wa mtu." Kaiangalia diski. "Akae hapa."

"Kwangu?"

"Una pahali pengine pasipo mwanamume? Akae hapa, nitakuwa namjia. Na hao mama zao utawaendea mmoja mmoja, uwaambie kwa mdomo wako ulichofanya. Nitauliza."

"Nitawaendea."

"Na usije ukadhani nimekusamehe."

"Sidhani, mama."

"Alhamisi," kasema, akashuka. Caroline alimshika mkono kwenye ngazi.

Jumatatu, 23 Juni

Milango kumi na mmoja. Watatu wamenifukuza. Mmoja kaniita mchawi. Mmoja kanikaribisha, kanipa chai, kanisikiliza hadi mwisho, kisha kamwita binti yake aje anitazame vizuri ili anikumbuke. Yule aliyesema kwangu hakuvuji alifunga mlango taratibu, komeo la juu, komeo la chini.

Bado ishirini na tisa.

Alhamisi, 26 Juni

Bi Mwanatumu kaja baada ya alasiri, katazama. Mara tatu. Kaondoka.

Alhamisi, 3 Julai

Harusi zote tatu zimekwenda kwingine. Nachapa picha za pasipoti na kuandika barua za watu wanaotafuta kazi Kilindini. "Ni mwaminifu na mwenye bidii," naandika, siku nzima, kwa ajili ya wengine.

Caroline kapata kazi ya kurekodi mahafali ya shule Makupa. Amenipigia kuniambia. Alikata simu kabla sijampongeza, lakini amenipigia.

Bi Mwanatumu kaja. Mara tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Bi Mwanatumu hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Bi Swabaha, anahema. Nikaleta kiti cha pili. Wametazama pamoja. Kicheko kilipofika, Bi Swabaha alijifunika uso kwa mikono miwili, akasema ndani ya viganja, "Kumbe alikuwa na jino lililopanda. Sikuwahi kuliona." Alikaa naye nyumba moja karibu miezi mitatu.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua imekwisha wiki ya pili sasa. Mabakuli nimeyaosha, nimeyarudisha jikoni. Mzee Kamaludin kapanda hatimaye, kalitazama dari kavu, kasema, "Mbona halivuji?"

Milango imesalia minne.

Bi Mwanatumu kaja peke yake. Kaketi, kavaa miwani, nikawasha. Nimeshaijua video hii fremu kwa fremu, kwa hiyo leo sikuitazama, nimemtazama yeye. Kuna mahali, sekunde ya tisa, kisigino kinaponasa na Yumna ananyoosha mkono kutafuta pa kushika. Hapo, kabla mkono haujafika, Bi Mwanatumu hushusha bega lake la kushoto kidogo, pale pale kitini.

Kasema, "Rudisha." Nimerudisha. Bega likashuka tena.